Kabla ya Kuweka Mfumo wa Majaribio Kwenye Simu, Jua Utakavyoutoa

Kila mwezi wa Juni kampuni ya Apple huonyesha mfumo endeshi mpya wa iPhone, na toleo kamili hutoka Septemba. Katikati hapo kuna majira ya matoleo ya majaribio, yale yanayoitwa beta. Zamani kidogo, toleo la awali kabisa lilikuwa la watengeneza programu wanaolipa dola 99 kwa mwaka, na wengine walilipata kwa njia za panya, kwa kupakua mafaili kutoka tovuti wasizozijua. Tangu 2023 mlango uko wazi. Unajisajili bure kwa akaunti yako ya Apple, unafungua ukurasa wa kusasisha programu kwenye mipangilio, unachagua beta, na simu inajipakulia yenyewe. Kwa hiyo wanaofika kwenye dawati letu la TEHAMA siku hizi si watengeneza programu. Ni mwalimu, mfanyabiashara, mwanafunzi aliyeona video ya mwonekano mpya akautaka jioni hiyo hiyo. Swali lao huwa moja: naitoaje?

Jibu ni chungu. Kuiweka beta kwa kawaida hakufuti kitu. Kuitoa kwa haraka hufuta kila kitu.

Watu wengi hudhani kampuni zinawakomoa, lakini sababu ni ya kiufundi. Mfumo mpya unapowashwa mara ya kwanza, hufungua hifadhidata za picha, ujumbe, majina na mipangilio, kisha huziandika upya kwa mpangilio wake. Mfumo wa zamani haujui kusoma mpangilio huo, kwa sababu ulipotengenezwa mpangilio wenyewe haukuwepo. Ukiurudisha juu ya data hizo utakwama, au mbaya zaidi, utaziharibu kimyakimya. Ndiyo maana ili kushusha iPhone, yaani kuirudisha kwenye mfumo wa zamani, lazima uiunganishe na kompyuta, uiweke katika hali ya uokoaji, uifute, na mfumo wa kawaida upakuliwe upya. Faili lake ni gigabaiti kadhaa, hivyo anayetegemea bando la simu ajipange mapema.

Na hapo ndipo mtego wa nakala rudufu unapowanasa hata waangalifu. Mtu atasema, mimi nina nakala yangu iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, sina hofu. Lakini iCloud huendelea kuhifadhi simu ikiwa kwenye chaji na Wi-Fi, na nakala iliyochukuliwa ndani ya beta haikubali kurudi kwenye mfumo wa chini yake. Nakala itakayokuokoa ni ile uliyoichukua kabla ya kuingia, kwenye kompyuta, ikiwa imefungwa kwa nywila ili ibebe na nywila zako zilizohifadhiwa, na ikatengwa kabisa ili nakala mpya isije ikaandikwa juu yake. Kama huna kompyuta wala rafiki wa kukuazima kwa saa chache, ushauri wangu ni mmoja: usiingie. Saa ya mkononi ya Apple ni kali zaidi, maana ikishapokea beta huwezi kuishusha mwenyewe hata ukiwa na kompyuta.

Kuna njia ya kutoka kwa amani, nayo haifuti chochote, ila inataka subira. Unazima masasisho ya beta kwenye mipangilio, unaendelea na toleo ulilonalo, na toleo kamili linalofuata likitoka unalipokea kama mtu mwingine yeyote. Mwezi Septemba njia hii ni fupi. Mwezi Juni ni ndefu sana, hasa kama simu inachemka mfukoni na chaji inaisha saa nane mchana.

Kabla ya kufuta simu yoyote, hakikisha unaijua nywila ya akaunti yake. Nalisisitiza hili kuliko yote, kwa sababu hapa kwetu simu nyingi hufunguliwa akaunti na kijana wa dukani siku ya kununua, naye huweka barua pepe na nywila ambazo mwenye simu hakuziandika popote. Simu ikishafutwa, iPhone itadai akaunti hiyo hiyo kabla ya kufanya kazi tena. Android nayo, tangu toleo la 5.1, hudai akaunti ya Google iliyokuwamo endapo simu imefutwa nje ya mipangilio ya kawaida. Hapo ndipo simu nzima, isiyo na ubovu wowote, inapogeuka kipande cha kioo. Hakiki akaunti leo, kabla hata ya kufikiria beta. Hamisha pia namba za uthibitisho wa hatua mbili, na uhifadhi mazungumzo ya WhatsApp kwa njia ya WhatsApp yenyewe, kwani nakala hiyo hukaa peke yake.

Upande wa Android, mpango rasmi wa Google unahusu zaidi simu zake za Pixel, ingawa kampuni nyingine hufungua mlango kwa baadhi ya simu zao. Tecno, kwa mfano, ilikuwa miongoni mwa waliotoa beta ya Android 13 mwaka 2022. Mwenye Pixel akijitoa kwenye mpango, Google humtumia sasisho la kumshusha. Linaonekana kama sasisho la kawaida, na ukilikubali linafuta simu. Kama unataka kubaki na vitu vyako, liache hapo hapo, usiliguse, subiri toleo kamili. Tena uwe macho: Google hutoa beta nyingine za robo mwaka karibu na wakati toleo kamili linapotoka, mara nyingine hata kabla yake. Ukiipokea hata moja, dirisha la kutoka bila hasara limefungwa na unaanza kusubiri upya.

Wakati mwingine kurudi hakuwezekani kabisa. Android 13 ilipofika kwenye Pixel 6, 6 Pro na 6a Agosti 2022, ilikuja na kizuizi kinachoikataza simu kuwaka tena kwa Android 12. Sababu ilikuwa kuziba tundu la usalama ambalo mwizi angeweza kulifungua kwa kurudisha mfumo wa zamani. Kizuizi hicho kinakulinda, lakini hakijali kwamba umejuta.

Beta ya Samsung kwa kawaida hufunguliwa kwa nchi chache kama Korea Kusini, Marekani, Uingereza, Ujerumani na India. Nchi zetu hazimo, na hapo ndipo watu hupeleka simu kwa fundi wa Kariakoo au Luthuli Avenue iflashiwe, yaani iwekewe mfumo mwingine kwa kompyuta, kwa faili lililotoka kwenye kundi la Telegram. Wapo mafundi hodari sana, siwabezi. Tatizo ni faili lisilojulikana limepitia mikono ya nani. Programu isiyo na sahihi ya Samsung ikiingia, fyuzi ya Knox, mfumo wa usalama wa Samsung ndani ya simu, huungua na hairudishwi na mtu yeyote. Folda salama hufa nayo, na baadhi ya programu za benki hukataa kufunguka. Na kama simu ni ya mkopo, yenye kufuli la malipo, usikubali iguswe.

Kwenye kompyuta za Windows, ukishapokea toleo jipya la majaribio una takriban siku 10 za kurudi nyuma kupitia mipangilio. Zikipita, ni kusafisha diski na kuanza upya.

Sisemi haya ili watu waogope majaribio. Tunahitaji wajaribu kutoka kwetu: wenye laini mbili, wanaoandika Kiswahili, wanaotumia mtandao unaokatika. Oktoba 2018 Microsoft ilitoa sasisho la Windows 10 kisha ikalisimamisha baada ya siku chache, kwa sababu liliwafutia baadhi ya watu mafaili yao. Taarifa za kasoro hiyo zilikuwa zimeshatumwa na wajaribu wachache kabla, zikapotea kati ya nyingi. Baadaye kampuni ikaongeza sehemu ya kueleza uzito wa tatizo. Kwa hiyo ukijaribu, tumia simu ya pili, isiyobeba laini ya kazi wala programu ya benki. Ukiona kasoro, usiishie kulalamika kwenye kundi la WhatsApp. Fungua programu ya maoni iliyokuja na beta, andika ulichokuwa unafanya, mtandao uliokuwa nao, toleo lenyewe kwa namba yake kamili, na kama umepoteza data, liseme hilo katika sentensi ya kwanza.