Kwa Nini Mwendeshaji wa Kinu cha Nyuklia Hurudia Mtihani

Tangu habari za vinu vya nyuklia katika nchi jirani zianze kusikika redioni, haipiti wiki hapa ofisini kwetu Mwanza, tunakokagua matumizi ya mionzi, bila mtu kuja kuuliza. Uganda wanajiandaa kujenga kinu huko Buyende. Kenya wametaja kaunti ya Siaya, iliyo ufukweni mwa ziwa hili hili. Tulipokwenda kutoa elimu kwa wauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, mzee mmoja alisimama akauliza swali zito kuliko yote ya siku ile: "Huyo atakayekiendesha, nani atajua kama kazi bado anaiweza?"

Kabla ya kumjibu, naomba tumalize jambo moja linalozunguka kwenye simu za watu, kwamba maji ya kinu cha Buyende yatafika kwetu. Maji ya Buyende hayawezi kufika Mwanza. Buyende iko upande wa Ziwa Kyoga, na mto Nile hutoka ziwani kwetu pale Jinja ukaelekea Kyoga. Haurudi nyuma. Tafadhali tuangalie ramani kabla ya kusambaza ujumbe.

Sasa swali la mzee. Tanzania haina kinu cha kuzalisha umeme wa nyuklia, kwa hiyo nitatumia utaratibu wa Marekani, ambao kanuni zake ziko wazi kwa yeyote kuzisoma.

Wengi hudhani mtu akikaa kazini miaka 20 basi amebobea, mtihani wa nini tena? Nahodha wa ziwa hili hujifunza dhoruba kwa kupigwa na dhoruba. Mwendeshaji wa kinu anaweza kufika kustaafu asione ajali hata moja, na ndivyo tunavyoomba iwe. Lakini maana yake ni kwamba kazi yenyewe haimfundishi lile analotakiwa kulijua siku mambo yakiharibika. Siku za kawaida humzoeza siku za kawaida tu.

Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, katika kinu cha Three Mile Island, Pennsylvania, vali ya kupunguza presha ilifunguka ikakwama. Taa iliyokuwa mbele ya waendeshaji ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa. Haikuonyesha kama vali imefunga kweli. Waliamini imefunga. Wakaona kipimo cha maji kinapanda, wakadhani mfumo umejaa, wakapunguza maji ya dharura, huku maji ya kupozea yakiendelea kutoka kwa zaidi ya saa mbili. Karibu nusu ya kiini cha kinu, yaani sehemu yenye mafuta ya nyuklia, iliyeyuka. Hawakuwa wazembe. Walifuata walichofundishwa, na walichofundishwa hakikutosha. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Septemba 1977 vali ya namna hiyo ilikwama wazi katika kinu cha Davis-Besse, Ohio, na waendeshaji wa huko waliing'amua mapema. Somo hilo halikuwafikia wenzao. Mafunzo ya marudio yapo ili kosa la kinu kimoja lifike kwenye vinu vingine vyote kabla halijajirudia.

Ndiyo maana kuna simuleta, chumba kinachofanana na chumba halisi cha udhibiti swichi kwa swichi. Nilipata kukaa ndani ya kimoja nikiwa mafunzoni nje ya nchi. Mkufunzi alikuwa nyuma ya kioo. Ghafla taa za tahadhari zikawaka ukuta mzima na kengele zikalia. Msimamizi wa zamu hakupaza sauti. "Funga vali ya kuzuia, namba mbili." Mwendeshaji akarudia: "Nafunga vali ya kuzuia, namba mbili." "Sawasawa." Hapo ndipo mkono ulipogusa swichi. Kwa kila amri, kauli hizo tatu. Asiyerudia amri huandikiwa.

Utaratibu wenyewe ni huu. Leseni ya mwendeshaji hudumu miaka 6. Ombi la kuihuisha likiwasilishwa angalau siku 30 kabla ya mwisho wake, leseni ya zamani huendelea kutumika hadi uamuzi utolewe. Likichelewa, hakuna nafuu hiyo. Ndani ya miaka hiyo mafunzo rejea hayakatiki: mzunguko wake hauzidi miezi 24, mtihani wa kuandika hufanyika kila mzunguko, na mtihani wa vitendo kila mwaka. Uchunguzi wa afya ni kila baada ya miaka 2. Anayefeli huondolewa kwenye majukumu ya leseni, hufundishwa upya, kisha hupimwa tena. Anayetaka leseni yake ibaki hai lazima akae zamu zisizopungua 7 za saa 8, au 5 za saa 12, katika kila robo ya mwaka. Akipungukiwa, hukaa saa 40 chini ya mwenye leseni hai kabla ya kurudi kitini. Pombe hairuhusiwi ndani ya saa 5 kabla ya zamu. Akipimwa akabainika ametumia dawa za kulevya, mara ya kwanza huzuiwa kuingia kwa siku zisizopungua 14, mara ya pili miaka 5, mara ya tatu huzuiwa daima.

Huku kwetu hatuna vinu, ila mionzi tunayo hospitalini, migodini na viwandani, chini ya Sheria ya Nguvu za Atomu Na. 7 ya mwaka 2003. Katika ukaguzi mmoja nilikuta beji ya kupimia mionzi kwenye koti, koti limetundikwa mlangoni, na mwenyewe yuko chumba cha eksirei na mgonjwa. "Mkuu, kazi hii naijua," akaniambia. Ana miaka 19 kazini. Kila beji ile ilipopelekwa kusomwa ilirudi safi, kwa sababu ilikuwa inapima mlango. Waajiri, leseni ya kifaa na mafunzo ya anayekitumia ni mambo mawili. Kulipia la kwanza hakufuti la pili.

Mzee wangu wa Mwaloni, majirani wakiitisha mikutano ya wananchi, jamaa zako walio upande wa pili wa ziwa waulize mambo matatu: nani anatunga mtihani wa marudio, nani anausahihisha, na nani anawakagua hao wawili. Marekani kwenyewe mtihani wa marudio huandaliwa na kampuni ya kinu, na mamlaka ya serikali huja kukagua. Swali la tatu ndilo wasikubali kuondoka bila jibu lake.