Jicho moja kwenye video, jingine barabarani?

Hapa Lubumbashi utasikia mara nyingi kwamba dereva mzoefu anaweza kutupia jicho video huku anaendesha. Juzi ndani ya teksi, wimbo ukichezwa kwenye skrini ya dashibodi, mama mmoja alilalamika. Dereva akamjibu: "Usiogope mama, njia hii naijua."

Naielewa imani hiyo, lakini si kweli. Macho mawili hutazama pamoja, na ubongo haufuatilii mambo mawili kwa wakati mmoja. Unaruka kutoka hili kwenda lile. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari hukata karibu mita 17 kila sekunde. Ukitazama skrini sekunde mbili, umepita mita 33 bila kuona njia. Mtoto anayevuka hahitaji hata nusu ya sekunde hizo kufika mbele ya gari. Uzoefu unamfundisha dereva kona na mashimo, haumwambii nani anashuka barabarani sasa hivi.

Skrini nyingi hukataa kuonyesha video mpaka breki ya mkono ivutwe. Waliozitengeneza waliijua hatari. Lakini fundi huchukua ule waya mwembamba unaounganisha skrini na breki ya mkono, anaufunga kwenye chuma cha gari, na skrini inadanganyika kwamba gari limesimama. Kazi ya dakika chache tu, nayo inaniuma sana, hasa kwenye magari yetu yenye usukani wa kulia, ambayo tunayaendesha upande wa kulia wa barabara: dereva tayari haoni vizuri anapotaka kulipita lori.

Waya huo unaweza kurudishwa mahali pake na fundi yuleyule.