Je, wajua kwa nini pointi za pikipiki za zamani hutiwa mafuta?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba umeme na mafuta havikai chumba kimoja. Siku nilipofungua kifuniko cha pointi (swichi inayokata umeme ili plagi itoe cheche) cha pikipiki yangu kuukuu na kukuta kipande cha sufu kimelowa oili, nikajua ni uzembe wa fundi aliyenitangulia. Nikakiosha kwa petroli, nikafuta kila kitu hadi pakakauka kabisa. Baada ya wiki chache injini ikawa nzito mlimani na bomba la moshi likapata joto kupita kawaida. Uzembe ulikuwa wangu.

Kosa lilianzia kwenye neno lenyewe. Ukisema "pointi" unataja vitu viwili. Kuna vidonge viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, na hivyo havitaki mafuta hata chembe: cheche ndogo inayoruka vinapoachana huyaunguza, na masizi yanayobaki huziba njia ya umeme. Ila mkono uliobeba kidonge kimojawapo una kisigino, kijipande cha faiba au plastiki ngumu kinachoegemea kamu, yaani kile kigurudumu chenye nundu. Kisigino hakipitishi umeme. Kazi yake ni kusuguliwa, basi. Kwa hiyo anayesema pointi hazitiwi mafuta na anayesema hutiwa wote wana haki. Vidole vyao tu vinaonyesha mahali tofauti, tena jirani sana. Mimi nilimsikiliza wa kwanza peke yake.

Pointi zikifungana, umeme hujaa kwenye koili, yaani mzingo wa nyaya unaokuza volti. Zikiachana, koili hutema maelfu ya volti na plagi huwaka. Wakati wa kuachana ndio wakati wa cheche.

Chukua Triumph Bonneville T120 ya mwaka 1968, pikipiki ya Kiingereza yenye silinda mbili na pointi seti mbili. Kamu yake huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Injini ikienda mizunguko 4,000 kwa dakika, kila kisigino hunyanyuliwa mara 2,000; saa moja barabarani ni mara 120,000. Kisigino kikavu hakiwezi kustahimili hayo bila kulika.

Sasa fikiria watoto wawili wameketi ukingoni mwa gati, miguu inaning'inia, maji yanajaa. Mwenye miguu mirefu hulowa kwanza. Nundu ya kamu ndiyo maji, kisigino ndicho mguu. Kisigino kikilika, mguu umefupika, na nundu haina budi kupanda zaidi kabla ya kukigusa. Pointi huchelewa kuachana, cheche nayo huchelewa. Na kwa kuwa kimo cha nundu ni kilekile, pengo kati ya vidonge vikiachana, ambalo hapa linatakiwa kuwa takriban milimita 0.35 hadi 0.40 nalo hubana. Mchanganyiko wa hewa na petroli huwa bado unaungua vali ya moshi inapofunguka, na joto lililopaswa kusukuma pistoni huishia kwenye bomba. Silinda mbili zina visigino viwili, kwa hiyo moja inaweza kuchelewa kuliko mwenzake, injini ikachechemea.

Kile kisufu nilichokiosha kilikuwa utambi wa koroboi, ila hakikukusudiwa kuwaka: hunyonya oili na kuipaka kamu kidogo kidogo. Tone moja au mawili hutosha, au mahali pasipo na sufu, grisi kidogo isiyoyeyuka upesi kwa joto. Vizito vinavyowahisha cheche mwendo ukiongezeka navyo hudai tone kwenye pini vinazozungukia. Vikikwama vikiwa vimefunguka, sailensa, yaani mwendo wa injini pikipiki ikiwa imesimama, haitulii. Wapo mafundi wasemao visigino vya pointi za siku hizi hulika upesi kuliko vya kale. Huenda, ila hayo ni maneno ya gereji, si vipimo.

Nikimaliza, hupitisha karatasi safi katikati ya vidonge vikiwa vimefungana. Ikitoka na doa la mafuta, nimezidisha, na ninaanza upya.