Mmea una jua na maji, nzi wa nini?

Kila nikiwapeleka wanafunzi kwenye chepechepe za nyanda za juu kusini mwa Tanzania, huniuliza swali hilo. Nalipenda, maana wengi hudhani mmea unaonasa wadudu hupata nguvu kwa mdudu. Hapana. Nguvu zake, yaani sukari, huzipata kwa jua kama mgomba au muhogo. Kwa mdudu unafuata mbolea: naitrojeni na fosforasi.

Drosera madagascariensis, mmea mdogo unaonasa wadudu tunaoutazama huko, ina jina la Madagaska, lakini huota hata Tanzania na Uganda. Udongo wake una tindikali na umelowa. Maji yakishajaa udongoni, hewa haipiti, majani makavu hayaozi sawasawa, na naitrojeni hubaki imefungiwa humo. Ile kidogo inayofunguka, bakteria huigeuza gesi au mvua huisomba. Mizizi ya mmea huu ni michache na mifupi. Ingechimba kutafuta nini?

Piga magoti, shika lenzi. Jani ni dogo kama kijiko cha mwanasesere, limejaa vinywele vyekundu, kila kimoja na tone kichwani linalong'aa hata saa sita mchana, umande umeshakauka zamani. Tone hilo ni ulimbo. Mbu akitua, kila akivuta mguu anagusa kinywele kingine. Vya pembeni huinama kumwelekea, vimeng'enya vinatoka, nyama yake inayeyuka na jani linafyonza. Baada ya siku chache hubaki mabawa na gamba.

Ulimbo huo hautengenezwi bure. Unakula sukari, na jani lenye vinywele huvuna jua kidogo kuliko jani bapa. Mwaka 1984 mtaalamu wa mimea Mmarekani, Thomas Givnish, na wenzake waliieleza hesabu hii: mtego hulipa penye jua tele, maji tele na rutuba haba. Kwenye shamba lenye rutuba, mimea mingine ingeifunika Drosera mapema. Na mmea wenyewe hupima: Sarracenia purpurea, mmea mwingine unaonasa wadudu, wa Amerika Kaskazini, ikipata naitrojeni nyingi, hupunguza majani yake ya mitungi ya kunasia na kutoa majani bapa zaidi.

Ndiyo maana nawasihi wanaootesha mimea hii: msiiwekee samadi wala mbolea ya NPK, na maji yawe ya mvua. Niliwahi kuletewa Drosera iliyonyweshwa mbolea ya dukani na mtu aliyeipenda kweli. Mizizi ilikuwa imeungua, na majani machanga hayakuwa na tone hata moja.