Kumbukumbu: neno na maana zake

Chukua barua yoyote ya ofisi ya serikali Tanzania. Juu kabisa pana "Kumb. Na.", kisha tarakimu na mikwaju. Hiyo Kumb. ni kumbukumbu: alama ya kumrudisha karani kwenye jalada lenyewe. Kwangu mimi hapo ndipo neno hili linapojieleza vizuri kuliko popote, maana kumbukumbu kwanza ni kitu kinachokurudisha mahali.

Asili yake ni kitenzi kumbuka, cha Kibantu. Wachewa wa Malawi husema kumbukira, Wazulu khumbula, na khumbula yao ni pia kumtamani aliye mbali. Nasi ni vivyo hivyo. Ukimwambia mtu "nimekukumbuka", unataka kumwona. Mgeni akibisha hodi baada ya miezi, mwenyeji humpokea kwa "Leo umetukumbuka!", na wala hana maana kwamba majina yao yalikuwa yamemtoka. Kukumbuka huko ni kuja, kupiga simu, kuleta japo kilo ya sukari.

Kama kauka ilivyozaa kausha, kumbuka ilizaa kumbusha, ndipo tukapata ukumbusho na makumbusho. Makumbusho ya Dar es Salaam yalipofunguliwa mwaka 1940 yalikuwa ukumbusho hasa, wa Mfalme George V wa Uingereza. Wakristo wana Kumbukumbu la Torati. Kwa Kigiriki jina la kitabu hicho ni "sheria ya pili", lakini nalipenda zaidi la Kiswahili, kwa kuwa humo Musa anawakumbusha watu njia waliyopita jangwani.

Kuweka kitu kisipotee kuna neno lake, hifadhi, kutoka Kiarabu. Mtoto wa madrasa anahifadhi Kurani. Tembo wa Serengeti wako hifadhini. Ulinzi ni uleule. Sahau nalo ni la Kiarabu.

Memori ni mgeni wa juzi. Lilianza Kilatini, memoria, likapitia Kifaransa na Kiingereza, likatufikia pamoja na kompyuta na simu, na huko ndiko linakokaa. Simu ikigoma kupiga picha, tunasema memori imejaa. Babu akishindwa kutaja jina la mjukuu aliyesimama mbele yake, tunasema limemtoka, kisha tunangoja, kwa sababu mara nyingi humrudia jioni, akiwa anafunga mlango.