Chupa Iliyochangiwa Wiki Iliyopita: namna ya kusaidia damu salama kwa kuandika, kujitolea na kuandaa shughuli mtaani

Kila anayekuja kuchangia damu kwetu hukutana na kijichupa chenye maji ya bluu. Mtaalamu anamchoma kidole, anadondosha tone moja, na walio nyuma kwenye foleni wananyoosha shingo kutazama. Tone likizama, wingi wa damu unatosha na mtu anaelekezwa kitandani. Likielea, anaambiwa leo apumzike, ale mboga za majani, maharage na dagaa, arudi siku nyingine. Nimeona vijana wa mazoezi, vifua kama milango, tone lao likigoma kuzama, na nyuma yao mama mwembamba muuza mchicha la kwake likashuka kama jiwe. Utani huwa mwingi hapo.

Tone hilo ndilo watu hupenda kulipiga picha. Mimi ni ofisa uhamasishaji katika kituo cha damu cha kanda, na leo nataka kusema zaidi juu ya yale yasiyopigwa picha, kwa sababu kila mwezi napokea ujumbe wa aina moja. Klabu ya jogging, vijana wa kanisa, madereva bodaboda wa kijiwe fulani, dada mwenye ukurasa wenye wafuasi wengi, wote wanauliza: tunataka kusaidia, tufanye nini?

Kabla ya kujibu, tupige hesabu kidogo. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kinachotumika sana ni kwamba nchi ikusanye kwa mwaka chupa za damu zisizopungua asilimia 1 ya watu wake. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Hiyo ni kama chupa 617,000 kwa mwaka, karibu 1,700 kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo. (Tunasema “chupa” kwa mazoea tu, siku hizi ni mfuko wa plastiki, na mchangiaji mmoja hutoa takriban mililita 450.)

Sasa ongeza hili: damu inaoza. Seli nyekundu kwenye mfuko wa kawaida hudumu siku 35, na hapo jokofu liwe kati ya nyuzijoto 2 na 6 bila kukosea. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hudumu siku 5 tu. Kwa hiyo ghala letu haliwezi kujazwa mara moja likafungwa kwa kufuli.

Hapa ndipo wema wetu unapopishana na mahitaji. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakaenda kuchota petroli, likalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, na baadhi ya majeruhi walikimbizwa Muhimbili. Kenya nao wanaikumbuka Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani Nairobi. Siku kama hizo watu hujitokeza wenyewe bila kuitwa, mikono ya mashati imeshakunjwa. Ni jambo la kututoa machozi. Lakini mfuko uliotolewa asubuhi hii haumfikii majeruhi wa asubuhi hii. Lazima upimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, kaswende, na kundi la damu. Majeruhi wa saa ya kwanza anaokolewa na mtu aliyechangia wiki iliyopita, akanywa soda yake, akaenda zake kazini. Na damu yote iliyotolewa na umati wa siku moja huisha muda wake kwa pamoja pia.

Tena wengi wanaoongezewa damu nchini hawatoki kwenye ajali za kutangazwa redioni. Ni mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Ni mtoto wa miaka miwili ambaye malaria imemwacha mweupe viganja na midomo. Ni mwenye selimundu (sikoseli) anayerudi hospitali tena na tena. Hawa hawana siku maalumu ya kuumia.

Kalenda ya wachangiaji, kwa upande wake, ina mashimo. Kwa miaka mingi tumewategemea mno wanafunzi wa sekondari: ni wengi, wana afya, na wanapatikana mahali pamoja. Shule zikifungwa Juni na Desemba, makabati yetu yanapungua. Mwezi wa Ramadhani mchana wenyeji wengi wamefunga. Mvua za masika zikikatika, malaria inapanda na wodi ya watoto inajaa. Siku ya Wachangia Damu Duniani yenyewe ni Juni 14, siku aliyozaliwa Karl Landsteiner, mgunduzi wa makundi ya damu, mwaka 1868. Kwetu inaangukia katikati ya likizo. Ni tarehe nzuri ya sherehe, lakini wanafunzi tuliowazoea wako kwa bibi zao kijijini.

Basi nikiulizwa na klabu au kanisa “lini?”, jibu langu ni hilohilo: mje wiki ambayo hakuna mwingine anayekuja.

Tuanze na wanaoandika, maana simu moja yenye wafuasi inaweza kutuletea watu kuliko gari letu la matangazo, au ikatuvurugia kwa miezi.

Mnaujua ule ujumbe wa WhatsApp: “HARAKA!!! Anahitajika mtu wa O hasi, mtoto yuko mahututi, tuma kwenye magrupu yote.” Hauna tarehe wala jina la hospitali. Una namba ya simu. Niliwahi kuipiga namba kama hiyo. Aliyepokea alikuwa baba wa mgonjwa, na sauti yake ilikuwa imechoka vibaya. Mtoto alikuwa ameruhusiwa miezi mitano nyuma, na bado anapigiwa usiku wa manane na watu wema kutoka mikoa asiyoijua. Aliniomba nimsaidie kuuzima. Ujumbe uliokwisha sambaa hauna swichi.

Tangazo linalosaidia halina kelele. Linasomeka hivi: “Hospitali ya mkoa inahitaji wachangiaji wa makundi yote, Jumatatu tarehe 3 hadi Jumatano tarehe 5, saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri, chumba cha damu karibu na maabara. Njoo umekula na umekunywa maji.” Lina mahali, siku na mwisho wake. Ikifika tarehe 6, hata anayelisoma huko Kigoma anajua limepita. Jina la mgonjwa liacheni, na picha yake akiwa na mirija puani iacheni kabisa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ya mtu ni miongoni mwa zile inazozilinda zaidi. Hata isingekuwepo, yule mtoto atakua, na siku moja atajikuta mtandaoni akiwa uchi wodini.

Kazi nyingine ya mwandishi ni kujibu maneno ya mtaani, na yapo. Kwamba ukichangia mara moja ni lazima uendelee maisha yote, la sivyo damu itakuzidi mwilini. Si kweli, mwili hutengeneza kinachopungua na kuishia hapo. Maji yaliyopotea hurudi ndani ya siku moja au mbili, seli nyekundu huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana mwanamume anasubiri miezi mitatu kabla ya kuchangia tena na mwanamke minne, maana yeye kila mwezi anapoteza nyingine.

Lakini neno gumu kuliko yote ni hili: “Sisi tunatoa bure, nyinyi mnauza.” Sitalipuuza, kwa sababu anayelisema mara nyingi ana kisa chake. Damu haiuzwi. Mifuko, vitendanishi vya kupimia, umeme wa majokofu na mishahara vina gharama, ila gharama hizo si bei ya damu kwa mgonjwa. Hospitali inaweza kuwaomba ndugu waje kuchangia. Hilo ni ombi, ingawa mimi binafsi silipendi sana, kwa kuwa mtu aliyesukumwa na ukoo mzima ni vigumu kujibu kwa ukweli dodoso letu, yale maswali ya afya tunayomuuliza kila mchangiaji. Kumtajia ndugu bei ya chupa kwenye korido ni jambo jingine kabisa. Ukitajiwa, dai stakabadhi, uliza jina, nenda kwa mganga mfawidhi siku hiyohiyo. Na wewe mwenye ukurasa, ukiandika habari hiyo andika yote: siku, wodi, kilichosemwa, na majibu ya uongozi. Habari ya nusu nusu humwacha mwizi akaponyoka, ikamuumiza mgonjwa wa kesho.

Wanaotaka kujitolea kwa mikono hudhani tutawapa koti jeupe. Sindano ni ya mtaalamu. Tunachokikosa ni mtu wa kukaa mezani na kuandika majina kwa mwandiko unaosomeka. Mtu wa kusimama karibu na wanaopumzika, dakika 10 au 15, akiangalia uso wa nani unabadilika rangi, amlaze na kumwinulia miguu kabla hajaanguka. Mtu wa kubeba vitanda. Mtu wa kumwambia bodaboda aliyetoka kuchangia kwamba asikimbilie abiria sasa hivi, akae amalize biskuti zake. Kazi hizi hazina picha nzuri, na waliodumu nazo kwetu ndio tunawaita kwa majina.

Shughuli za jamii zina nguvu kubwa kuliko vyote, na tuna mifano yetu. Mashabiki wa Simba na Yanga huchangia damu katika wiki za sherehe za klabu zao, na utani wa nani ametoa nyingi unafanya kazi ambayo hotuba yangu haiwezi. Mashia wa Dar es Salaam huchangia siku za Ashura, na wamefanya hivyo miaka mingi. Utaona wote hao walichukua siku ambayo watu wao tayari wanakusanyika. Hawakuanza kuita watu upya.

Ila nisimulie na iliyoharibika. Taasisi moja ilituita kwenye bonanza lake. Turubai, fulana mpya, muziki wa kutikisa vioo, viti visivyo na idadi. Sisi tulikuwa na vitanda vinne. Kitanda kimoja, ukihesabu kumlaza mtu, kutafuta mshipa, kutoa na kumwinua, kinakula kama robo saa. Vinne kwa saa tano ni watu 80, nao wakitiririka bila mwanya. Tulilisema hilo kwenye kikao cha maandalizi. Siku yenyewe walitangaziwa wafanyakazi wote waje saa 3 kamili. Kufika saa 5 jua limepanda, foleni imechoka, watu wanaondoka na fulana zao.

Halafu kukawa na MC. Alipoona kijana mmoja anatoka chumba cha vipimo bila bandeji mkononi, akashika maiki: “Mwenzetu amekataliwa huyo!” Watu wakacheka. Kijana akacheka pia, huku akiangalia geti. Kila mtu pale alishajijengea sababu moja tu kichwani mwake, mnaijua. Ukweli ni kwamba kipimo cha UKIMWI hakifanyiki pale kwenye turubai. Kinafanyika maabara, na majibu anapewa mwenyewe kwa siri. Pale mtu anarudishwa kwa uzito chini ya kilo 50, kwa shinikizo la damu, kwa tone lililoelea, kwa dawa anazotumia. Kijana yule alikuwa anameza dawa za jino. Aliniambia mwenyewe, pembeni, na sijamwona tena kwenye shughuli yoyote.

Tangu siku hiyo barua yetu ya kukubali mwaliko ina masharti. Wanaotoka vipimo wapite mlango usioangaliwa na jukwaa. Soda na biskuti ni za wote, aliyechangia na aliyerudishwa, kwenye meza moja. Zawadi ziwe ndogo. Fulana si neno, lakini fedha au simu ya bahati nasibu humvuta mtu afiche ugonjwa ili asikose. Azimio la Baraza la Afya Duniani la 1975 lilizitaka nchi zijenge huduma za damu juu ya wachangiaji wa hiari wasiolipwa, na sababu mojawapo ni hiyohiyo. Waalikwa wagawiwe saa zao, idara kwa idara au shina kwa shina. Choo kiwe karibu, maji yawepo, kivuli kiwe cha kweli, na spika zigeuzwe upande wa pili, maana daktari anayepima shinikizo la damu anahitaji kusikia.

Na awepo mtu mmoja mwenye daftari. Shughuli ikiisha, turubai likishakunjwa, yeye ndiye anabaki na kazi. Anaandika nani alichangia na ameridhia kupigiwa tena. Mwanamume aliyechangia leo, Julai 5, anapigiwa wiki ya pili ya Oktoba. Mwanamke, wiki ya pili ya Novemba. Asipige kwa kumbukumbu ya kichwa. Aandike tarehe hizo siku hiyohiyo, pembeni ya jina, kabla hajavua fulana.