Jina Moja, Maeneo Mawili: Dhana Potofu Kuhusu Kompaila

Vijana wanaojifunza kuandika programu hapa Mwanza hukwama mara nyingi mahali pamoja, na mfano wa mwalo wa Kirumba unatosha kupaonyesha. Tuseme programu imetangaza kigeu (jina linalobeba thamani) «bei», chenye 9,000, katika eneo la nje kabisa, na papo hapo ikaandikwa fanksheni (kipande cha programu kinachoitwa kwa jina lake kifanye kazi) «jumla» inayozidisha bei kwa kilo za sangara. Fanksheni nyingine, «kirumba», inatangaza «bei» yake yenyewe ya 11,000, kisha inaiita «jumla». Wengi huamini kwamba «jumla» itatumia 11,000 kwa kuwa imeitwa kutoka «kirumba».

Ukweli ni kwamba itatumia 9,000. Katika lugha nyingi za programu za leo, kompaila, yaani programu inayotafsiri maandishi hayo kwa ajili ya kompyuta, hutazama mahali jina lilipoandikwa, wala si mahali fanksheni ilipoitiwa: huanza na eneo la ndani kabisa linalolizunguka jina hilo, ikilikosa huhamia eneo linalofuata kwa nje, na husimama penye tangazo la kwanza inalolikuta. Lugha ya zamani ya ALGOL 60 ilikwenda hivyo. Lugha za Lisp za mwanzo zilimfuata mwitaji, yaani zilitazama mahali fanksheni ilipoitiwa, lakini Scheme, lugha iliyozaliwa katika ukoo huo wa Lisp mwaka 1975, ikashika njia ya mahali jina lilipoandikwa.

Wapo pia wanaodhani kwamba «bei» ya ndani huifuta ya nje. Huifunika tu. Lugha ya Java hukataa kabisa kigeu cha bloku (kifungu cha mistari) ya ndani kichukue jina la kigeu cha metodi (fanksheni ya Java) inayoizunguka, na kwa maoni yangu katazo hilo ni msaada mkubwa kwa anayeanza.

Dhana inayosumbua zaidi ni kwamba lugha ya Python huamua jina ni la nani mstari kwa mstari, programu ikiwa inaendeshwa. Kompaila yake husoma kwanza mwili mzima wa fanksheni, na ikikuta popote humo jina limepewa thamani, hulihesabu kuwa la ndani tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana fanksheni inayochapisha «bei» katika mstari wa kwanza na kuibadilisha katika wa pili hukwama kwenye huo wa kwanza, ingawa «bei» ya nje ipo. Anayekusudia kuibadilisha ya nje kabisa hana budi kuitangaza kwa neno «global». Ikiwa ni ya fanksheni inayoizunguka, atumie «nonlocal», lililokuja na Python 3.0 mwaka 2008.